Ulezi wa wanafunzi vyuoni nao unasomewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu matumizi ya fedha vyuoni. Mengi aliyolalamikia namuunga mkono, hasa hayo ya semina za hotelini ambazo watu huenda kusaini posho na kurudi. Lakini kuna mahali alinigusa. Aliuliza kwa kebehi kwamba siku hizi hata mtu wa kugawa funguo za mabweni anaomba ruhusa ya masomo ya uzamili, sasa huyo anakwenda kusomea nini?

Aliyemsema simjui, ila kazi yake na yangu ni moja. Mimi ni mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Iringa, na kwa sasa nasoma cheti cha uzamili cha uongozi wa huduma za wanafunzi, kwa njia ya mtandao, katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kipindi cha moja kwa moja ni Jumatano saa moja jioni kwao, maana yake saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi kwetu. Ikifika Novemba wenzetu wanarudisha saa zao nyuma, nasi huku kipindi kinasogea hadi saa tisa. Nakaa jikoni na blanketi mabegani ili nisiwaamshe watoto, na bando natumia la usiku kwa sababu ndilo rahisi. Ada nalipa kwa mkopo wa SACCOS. Kwa hiyo msomaji mwenzangu atulie, hakuna shilingi ya umma iliyoingia hapo.

Si kwamba sikuiomba. Kamati ya mafunzo ilinijibu kwa barua fupi kwamba kozi hiyo haimo katika mpango wa mafunzo na haitambuliwi katika muundo wa utumishi wa kada yangu. Baadaye mjumbe mmoja tulikutana kwenye foleni ya chai, akanifafanulia kwa upole: "Dada, kazi yenu ni ya busara, na busara haifundishwi darasani." Ni mkubwa kwangu, nikamwitikia, nikachukua maandazi yangu.

Hilo la busara ndilo ninalotaka kulisemea, kwa sababu nusu yake ni kweli. Niliyempokea ofisi hii alikuwa mama mmoja mlezi, mwenye elimu ya darasa la saba, na sijaona mtu aliyejua wanafunzi kama yeye. Alikuwa akipita koridoni asubuhi na kusema chumba fulani kuna mtu hajala tangu jana. Alijuaje? Sijui mpaka leo. Alipostaafu tulimfanyia sherehe, tukampa vitenge na jokofu, akaondoka na kila alichokijua. Hakuna alichoandika na hakuna aliyemwomba aandike. Mlezi aliyefuata, ambaye ni mimi, alianza upya kabisa, akiwa na daftari la funguo na namba ya simu ya fundi bomba. Madaktari na wanasheria hawafanyi hivyo. Hata mafundi magari wana gereji ambamo kijana anasimama pembeni ya fundi miaka kadhaa kabla hajaachiwa injini. Sisi tunakabidhiwa mabweni yenye vijana mamia kwa barua ya uteuzi tu.

Na hao walio juu yetu mambo ni hayohayo. Katika vyuo nilivyopitia, mshauri wa wanafunzi ni mhadhiri aliyeongezewa jukumu. Anaweza kuwa bingwa wa udongo au wa hesabu za makampuni, na wiki ya kwanza ofisini anakutana na mgomo wa bumu, yaani fedha ya kujikimu ya wanafunzi wenye mkopo. Wengine wanaiweza kazi kwa kipaji. Wengine wanakimbilia kuita polisi.

Sasa anasomea nini mtu kama mimi? Nitoe mfano mmoja, maana ndio ulionifanya nione nimepata thamani ya mkopo wangu. Muhula uliopita alinipigia baba mmoja kutoka Kahama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Binti yangu yupo kwenu mwaka wa pili. Nataka uniambie matokeo yake. Na kuna jingine nimelisikia huku, kwamba ana mimba. Ni kweli?"

"Mzee wangu, binti yupo na ni mzima, jana nimemwona. Hayo mengine naomba nimwite. Akiridhia tutakupigia tukiwa naye hapahapa ofisini."

"Kwani wewe ndiye umemzaa? Nimeuza ng'ombe kulipa hiyo ada."

"Najua mzee, na hakuna anayelidharau hilo. Nipe mpaka saa kumi jioni."

Watu wengi wenye busara wangemweleza kila kitu pale pale, kwa sababu mzazi ni mzazi na ndiye mlipaji. Wengine wangemwambia aandike barua kwa mkuu wa chuo, wakakata simu. Katika kozi tulitumia muda mwingi juu ya jambo hili hili. Wamarekani wana sheria ya mwaka 1974 inayosema haki juu ya kumbukumbu za masomo inahama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanafunzi anapotimiza miaka 18 au anapoingia elimu ya juu. Nikafikiri hayo ni ya kwao, mpaka nilipoandaa insha yangu na kuisoma vizuri Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Matokeo ya mtu na afya yake ni taarifa zake. Mlezi anayezimwaga kwenye simu kwa mtu asiyemwona, hata akijitambulisha kuwa ni baba, yuko hatarini kisheria.

Binti alikuja. Nilimweleza nani amepiga na ameuliza nini, nikamwambia anaweza kukubali yote, kukubali nusu au kukataa. Alikaa kimya kitambo, akacheza na kitasa cha mkoba wake, kisha akasema tupige. Matokeo niliyasoma mimi yeye akisikia. Lile jingine baba alimuuliza mwenyewe, na alichojibiwa ni chao wawili. Saa kumi haijafika mzee alikuwa ananiombea baraka. Nikaandika kwenye jalada tarehe, aliyepiga, ridhaa ya mwanafunzi na saini yake. Karatasi ile ndiyo inayonitofautisha na yule anayeambiwa kesho kwamba alivujisha siri.

Kazi hii kwa Wamarekani nayo haikuanza na vyeti. Mwishoni mwa karne ya 19 vyuo vyao vilianza kupokea wanawake kwa wingi, wakubwa wakataharuki, wakamtafuta mama wa kuwaangalia. Marion Talbot alifanya kazi hiyo Chicago. Akina mama wale walikataa kubaki walinzi wa milango. Wakaanza kukutana, wakaandika wanachokifanya, na kufikia miaka ya 1910 walikuwa na mafunzo yao ya uzamili katika Teachers College ya Columbia, New York. Wanaume wenye kazi kama hiyo walifuata, mkutano wao wa kwanza ukiwa Madison, Wisconsin, mwaka 1919. Kwa hiyo hata huko ulezi ulianza kama kazi ya kupewa mtu yeyote mwenye heshima zake.

Somo lililonikalia zaidi lakini ni la nidhamu. Februari 1960 wanafunzi weusi wa Alabama State College, mjini Montgomery, waliingia kwenye mgahawa wa jengo la mahakama uliokuwa wa wazungu peke yao, wakaomba chakula. Chuo kikafukuza baadhi yao bila kuwasikiliza. Wakaenda mahakamani, wakashindwa, wakakata rufaa, na Agosti 1961 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kabla ya kumpa taarifa ya tuhuma na nafasi ya kujitetea. Kesi hiyo inaitwa Dixon, kwa jina la mmoja wa wanafunzi hao. Kabla yake chuo kilijihesabu kuwa kimesimama mahali pa mzazi, na mzazi akichapa haulizwi sababu.

Nilipoisoma tarehe ile nilisita. Miezi miwili tu baadaye, Oktoba 25, 1961, chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London na kikianza na wanafunzi wachache wa sheria. Na kila msomaji wako mwenye umri anaikumbuka Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho, sasa kikiwa Mlimani, walipoandamana na majoho yao kupinga utaratibu mpya wa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wakapokewa Ikulu na Mwalimu mwenyewe, na jioni ile karibu 400 wakawa safarini kurudi makwao. Wengi walirejeshwa mwaka uliofuata. Sitaki kufufua ubishi wa nani alikuwa na haki. Baba yangu na kaka yake hawakuelewana juu ya hilo mpaka mmoja anazikwa. Ninachokiona kama mlezi ni kwamba ugomvi ule ulitoka bwenini ukafika Ikulu bila kusimama popote. Hapakuwa na ofisi katikati yenye uwezo wa kuupokea. Mei 1990 chuo hichohicho kilifungwa na wanafunzi wakatawanywa, na umri wa taasisi ulikuwa umekaribia miaka 30.

Leo Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa pale chombo chochote kinapoamua juu ya haki zake. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo. Ila nimekaa kwenye kamati ambako mwanafunzi anaitwa asubuhi kwa simu ajitetee mchana, hajui kosa lake limeandikwaje. Zoezi letu la kozi lilikuwa kuandika wito wa shauri. Nikaandika wa kweli, kwa kijana aliyekutwa na jiko la umeme chini ya kitanda baada ya nyaya za chumba kuungua. Ukurasa mmoja: tuhuma, kifungu cha kanuni, siku, mahali, ruhusa ya kuja na shahidi, namna ya kukata rufaa. Alikuja na mwenzake wa chumba, na huyo mwenzake, bila kulazimishwa, akasema jiko walinunua kwa kuchanga watu wanne kwa sababu kula kantini mara tatu kunamaliza bumu kabla ya mwezi. Kamati iliyokuwa tayari kumtoa mtu mmoja bwenini ikajikuta na tatizo lingine kabisa. Wale wanne waligawana gharama ya fundi umeme, na chuo kikatenga chumba cha kupikia ghorofa ya chini, chenye fyuzi yake. Hakuna aliyekata rufaa.

Nisije nikaonekana nimelewa ya ng'ambo. Kuna mambo katika kozi hii ambayo ukiyaleta Iringa kama yalivyo yatakuchekesha. Wanafundisha mkataba wa wakazi wa chumba: nani anazima taa saa ngapi, wageni waje lini. Vizuri. Sisi chumba cha watu wanne kina saba, watatu wamebebwa, yaani wanalala kwa wenzao bila kuandikishwa, na vitanda viwili watu wanalala mzungu wa nne. Kanuni inakataza kubebana, mlinzi anajua, mimi najua, na kila muhula tunafanya msako tunaoutangaza siku moja kabla. Kwa zoezi hilo niliandika mkataba wa chumba unaowataja na wasioandikishwa, wanalala wapi na wanachangia nini kwenye sabuni ya choo. Mwalimu alinipa alama nzuri. Chuoni sijathubutu kuuonyesha.

Jingine ni nadharia ya Arthur Chickering, mtaalamu wa Marekani wa ukuaji wa wanafunzi, ya mwaka 1969, ambayo ni kama sala kwao. Anasema kijana wa chuo anakua katika mielekeo saba, mmojawapo kujitegemea: anajitenga na wazazi, anasimama mwenyewe. Nilinyoosha mkono, ile saa tisa ya usiku, nikawaeleza juu ya bumu. Fedha ya chakula na malazi ya mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ilipanda mwaka wa fedha 2022/23 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Ninao vijana ambao siku bumu linaingia, kabla hawajanunua hata daftari, wanatuma nyumbani: sare za mdogo wao, dawa za bibi. Baba anapiga simu kuuliza bumu limetoka lini kana kwamba ni mshahara. Kijana huyu hajajitenga na kwao, amekuja chuo na kwao mgongoni, na ukimpima kwa kipimo cha kujitenga utasema hajakua wakati yeye ndiye mtu mzima kuliko wote bwenini. Mwanafunzi mwenzangu wa Texas, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Mexico, akasema kwao ni hivyohivyo. Mwalimu akatuambia kwamba Chickering mwenyewe, akiwa na Linda Reisser, aliurekebisha mwelekeo huo mwaka 1993 ili kujitegemea kuelekee kutegemeana. Walihitaji miaka 24. Mama mlezi wangu wa darasa la saba angewaambia siku ya kwanza, kama angekuwa na mahali pa kusemea.

Ndipo ninapofika kwa ninachokiomba. Vyuo vikuu vyetu vyenye shule kuu za elimu vinaweza kuanzisha cheti cha uzamili cha namna hii hapahapa, cha mwaka mmoja, jioni na likizo, kwa ajili ya walezi, washauri wa wanafunzi, maofisa mikopo wa vyuo na wanaokaa kwenye madawati ya jinsia. Hao wa mwisho hasa. Madawati yalianza kuingia vyuoni kuanzia 2021, na ni jambo jema, kwa sababu rushwa ya ngono ni kosa la jinai tangu sheria ya TAKUKURU ya 2007, kifungu cha 25, ila binti anayedaiwa mwili wake ili asipewe sapu, yaani mtihani wa marudio, hajui aanzie wapi. Sasa dawati limefunguliwa, utepe umekatwa, aliyekalishwa pale ni ofisa aliyekuwa stoo. Binti anasimulia kwake, anatumwa asimulie kwa mkuu wa idara, anatumwa tena asimulie kwa kamati, na mara ya tatu anasema basi, yaishe. Kumsikiliza mtu mara moja, ukaandika kwa namna ambayo hatalazimika kurudia, ni ufundi. Nimefundishwa kwa mazoezi ya kurekodiwa na kusahihishwa, na hakuna kipaji cha kuzaliwa kinachoufidia.

Majengo tunajua kuyagharamia. Mlimani zilifunguliwa hosteli mpya Aprili 2017, majengo 20 yenye nafasi 3,840, na nchi nzima ilishangilia, nami nilishangilia. Sijawahi kusikia mtu akiuliza katika uzinduzi wa bweni kwamba watakaolala humo wataangaliwa na nani, na huyo amesomea wapi.

Kozi ya nyumbani itakuwa na sura za kwetu: Bodi ya Mikopo, kubebana, mzazi wa Kahama, kijana aliyezuiwa kufanya mtihani kwa deni la ada, serikali za wanafunzi na chaguzi zao zenye fitina kuliko za jimbo. Walimu wapo, wastaafu wa ofisi za washauri wa wanafunzi wanaokaa nyumbani na hazina yao. Wenye mamlaka ya muundo wa utumishi nao waiandike kada hii kwa namna ambayo mtu akisoma anapanda daraja, la sivyo wenye bidii watahamia idara nyingine, kama walivyohama wenzangu wawili.

Mimi nikimaliza nitapeleka cheti changu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kitambuliwe, halafu nitaiandikia tena kamati yetu ya mafunzo. Barua ninayo tayari, nimeambatisha wito wa lile shauri la jiko la umeme na hesabu ya fundi aliyerudishia nyaya, waone gharama ilikuwa kiasi gani na chuo kiliokoa nini. Safari hii naomba waingize nafasi mbili katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha, na si kwa ajili yangu. Nina wasaidizi wawili wa zamu ya usiku, mmoja ana shahada ya ustawi wa jamii, na wote wameshaniuliza fomu zinatoka lini.

Mama Mlezi,
Iringa